Hawa ndege wa "haaa-haaa" juu ya mukumari wa baba: nikate mti ama nihame mimi?

Mstaafu_Khwisero

Mulembe nyote. Nimestaafu mwaka jana. Miaka 31 nimelala Nairobi kwenye chumba kinachotazama steji ya matatu, nikijipa moyo kwamba siku moja nitalala kwetu Khwisero nisikie kimya. Nyumba nimejenga, mabati nimepiga, kimya hakijafika.

Kuna ndege wawili wakubwa, rangi ya majivu yaliyochanganyika na kahawia, mdomo mrefu umepinda kama mundu. Wamejenga kwenye mukumari uliopandwa na marehemu baba, hatua kumi hivi kutoka dirisha langu. Saa kumi na mbili kasorobo, giza bado, mmoja anatua juu ya paa. Hapigi kelele mara moja. Anatembea kwanza. Mabati ya geji 30 hayana siri: tak, tak, tak, kama karani aliyevaa viatu vya ofisi anatafuta mlango. Anafika ukingoni, anasimama. Nakuwa nimeshaamka nikimsubiri. Halafu: HAAA! Ha-ha-haaa! Mwenzake anajibu kutoka mtini, mbwa wanaitikia, boma zima liko macho. Jogoo wangu siku hizi anawika kwa uvivu, nadhani ameona kazi yake imepata mtu.

Mama watoto usiku wa kwanza alidhani kuna mtu anauawa. Mama yangu mzazi, miaka 84, sikio moja limeshafunga. Nikimlalamikia ananiuliza, "Ndege gani?"

Nikiwarushia mawe, mawe yanarudi juu ya mabati yangu mwenyewe. Fundi wa msumeno ameshakuja kuupima mti. Anasema mbao zake ni nzuri. Mama amekataa kata kata. Nauliza: hawa ndege ni akina nani, na mtu anawatoaje?

Omera_Dunga

Miaka 31 juu ya steji ya matatu na leo ndege wawili wamekushinda? Omera, hiyo pensheni imekulegeza.

Njia_za_Msitu

Shikamoo mzee. Niliwahi kutembeza wageni msitu wa Kakamega kwa miaka kadhaa, kwa hivyo hao nawajua hata kwa simu ukinirekodia. Ni kwarara. Vitabuni utakuta kwarara hijani, lakini wengi wanamwita hadada, na jina hilo amejipa mwenyewe kwa sauti yake. Jua likichomoza mwangalie bega: utaona kijani na zambarau kama mafuta ya taa yaliyomwagika majini. Juu ya mdomo ana mstari mwekundu, na shavuni mstari mweupe.

Kelele zake zina saa. Anapiga akitoka mahali alipolala, akirudi jioni, na akiwa angani. Katikati ya mchana anatembea shambani kimya kama mchungaji. Jike hutaga mayai mawili au matatu, mara chache manne. Kuatamia ni siku 26 hivi, baba na mama wanapokezana, na makinda hukaa kiotani kama wiki tano kabla ya kuruka. Kwa hiyo piga hesabu. Ukitaka kuukata mti sasa hivi, hujakata mti peke yake.

Na mimi nina swali, mzee, usinikasirikie. Umepanda nyasi za ua?

Mstaafu_Khwisero

Nimepanda kikuyu grass mbele ya nyumba, nakata kwa slasha kila Jumamosi. Kiangazi namwagilia kwa mpira. Nyasi zina makosa gani?

Njia_za_Msitu

Hazina makosa. Ndizo meza.

Kwarara anakula nyungunyungu, konokono, mabuu ya mbawakawa na sota wale wanaokata mahindi shingoni. Hatafuti kwa macho peke yake. Anachomeka mdomo udongoni, anatulia, anasikiliza kwa mdomo. Ncha ya ule mdomo imejaa vishimo vidogo kwenye mfupa, na ndani yake mna neva zinazohisi mtetemo wa mnyoo anayejisogeza chini ya ardhi. Watafiti wa Cape Town wamemchunguza sana kwa jambo hilo, na wakaona udongo ukiwa na maji anafanya kazi vizuri zaidi kuliko ukiwa mkavu. Kule Afrika Kusini kwarara wameenea hadi sehemu ambazo zamani zilikuwa kavu mno kwao, kwa sababu watu wamemwagilia mashamba na bustani za nyumbani.

Sasa tazama boma lako. Nyasi fupi zenye maji mwaka mzima, samadi ya ng'ombe pembeni, mti mkubwa wenye matawi ya kulala. Kwarara hajengi juu kileleni, anataka tawi lililolala kama benchi. Umeandaa chakula na kitanda, mzee. Ndege ameitika tu.

Mstaafu_Khwisero

Nimesoma hiyo nikiwa nimekaa verandani, na mmoja yuko mbele yangu hapa hapa kwenye nyasi. Anadunga, anadunga, anasimama. Halafu ametoa kitu cheupe kinene kama kidole changu cha mwisho, akakirusha hewani mara moja akameza. Mahindi yangu mwaka jana yaliangushwa na kitu kama hicho hicho.

Hata hivyo saa kumi na mbili kasorobo ni saa kumi na mbili kasorobo.

NyarAhero

Baba, nakuomba msamaha nicheke kidogo. Wawili?

Sisi huku Ahero tunaongea habari ya kweleakwelea. Ndege mdogo, unamfumbata kiganjani, mmoja anakula kama gramu 10 kwa siku. Unasema gramu 10 ni nini? Wakija milioni 2 hizo ni tani 20 kwa siku moja. Januari 2023 mlisikia kwenye habari, Kisumu kulitajwa karibu ekari 300 za mpunga zimekwenda. Sauti yao si "haaa". Ni kama mvua inayokuja kutoka upande wa Kano, unageuka unaangalia mbingu na hakuna wingu.

Watoto hawalali. Saa kumi na mbili asubuhi hadi kumi na mbili jioni mtu yuko kwenye tuta na kombeo na kopo lenye mawe. Tunavuta utepe wa kaseti za zamani kati ya vijiti, upepo ukipita unalia wiiiii, siku tatu za kwanza wanaogopa. Ya nne wanatua juu ya utepe wenyewe. Nimekuwa na sauti ya mwanamume tangu msimu ule, na nyumbani wananitania.

Kwa hivyo nikisikia mtu ana ndege wawili wanaomlia funza shambani bure, nauliza kama anaweza kunikopesha.

Kijana_Mkali

Mnazunguka mno. Kuna dawa ile ya shambani ya chembechembe, unachanganya kidogo na chakula na siku moja tu habari imekwisha.

MtuWaBudalangi

Wewe kijana, ngoja nikueleze kitu nilichokiona.

Kwetu Bunyala, kwenye mpunga, watu walitumia hiyo hiyo, kabofurani, ile ya rangi ya zambarau. Walikuwa wanapasua konokono wanatia chembe ndani, wanawatega korongo wale wenye mdomo usiofumba katikati. Na ili wengine washuke, walimfunga korongo mmoja hai mguu akawa chambo. Wakishaanguka wanakusanywa, wananyonyolewa, wanauzwa. Nyama. Ya kuliwa. Muuzaji anakuambia ukitoa utumbo na kichwa hakuna shida. Mimi niliikuta sahani mezani kwa shemeji yangu, nikaula ugali mkavu nikasingizia tumbo.

Kampuni iliyoitengeneza iliiondoa sokoni Kenya mwaka 2009 baada ya watu kuua simba kwayo. Wenye akiba nyumbani wakabaki nayo. Kwarara wako akila mnyoo mwenye sumu ataangukia wapi? Juu ya nyasi za mzee. Mbwa atamla, ama kuku, ama mjukuu atamwokota. Futa hiyo komenti yako.

Kijana_Mkali

Sawa nimeelewa. Lakini nilisema kidogo.

MtuWaBudalangi

Hakuna kidogo.

Mama_Shiru_Njoro

Mimi niko Njoro, hao hadada tunao tele kwenye miti ya grivelia ya mipakani, na kelele nimezoea. Shida yangu ni tofauti. Wanalala juu ya paa ambalo nakingia maji ya mvua kwenye tangi, na kinyesi chao chote kinaenda mle. Pili nina kuku wa kienyeji 40. Jirani ananiambia hao ndege ndio wanaoleta kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku. Ni kweli?

Daktari_wa_Mifugo_Kijijini

Mama Shiru, kideri ndege wa mwituni wanaweza kukibeba, siwezi kukudanganya. Lakini katika kazi yangu nikiitwa kwenye boma ambako kuku wamekufa, swali langu la kwanza ni: nani amenunua kuku sokoni wiki mbili zilizopita? Na jibu huwa lipo, mara nyingi ni huyo huyo jirani mwenye kulaumu ndege. Kuku mgeni amechanganywa na wenyeji siku hiyo hiyo, ama aliyebaki sokoni jioni amerudishwa nyumbani. Chanja. Tone moja jichoni, kila miezi 3, wote siku moja, hata yule anayelala mtini. Kuku 40 ni kazi ya nusu saa mkiwakamata alfajiri kabla hujawafungulia.

Kuhusu tangi, mvua ya kwanza baada ya kiangazi usiipokee. Geuza bomba imwagike dakika kumi, kumi na tano, paa lioshwe, ndipo urudishe. Maji ya kunywa chemsha. Na ukipanda kufagia kinyesi kilichokauka kwenye mfereji wa paa, kimwagie maji kwanza na ufunge kitambaa puani. Lile vumbi lina magonjwa ya mapafu. Watu wanalidharau kwa sababu halinuki.

Oyugis_Damu

Kunuka mnakujua nyinyi? Upande wetu tumekaa na mwari, wale ndege wenye mfuko chini ya mdomo. Wanajenga kwa makumi mti mmoja, tena juu ya boma la mtu, na hawajali ziwa liko mbali kiasi gani. Mwari mkubwa mwenyewe ni bubu, hana neno. Watoto wake ndio balaa, wanalia kutwa kama mbuzi aliyefungwa juani. Samaki wanaanguka chini vipande, kinyesi kinapaka kila kitu chokaa, na baada ya miaka mti wenyewe unakauka wanahamia mwingine.

Dani yangu hakukubali waguswe. Alikuwa anasema boma wanalolikimbia ndilo la kuogopwa. Sisi wajukuu tulikuwa tunapita chini ya ule mti na sufuria kichwani.

Wakili_wa_Mtaani

Kwa upande wa sheria, kwa kifupi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haikukupa ndege kwa sababu amelala kwenye mti wako. Mti ni wako, ndege si wako. Kuua ama kuwategea sumu unaweza kujikuta mbele ya hakimu. Ukitegemea fidia, sahau: orodha ina ndovu, kiboko, fisi, mamba na wenzao, wa kukuibia usingizi hayumo. Mti kwenye shamba lako ukitaka kukata, pitia kwa chifu kwanza, na ngoja kiota kiwe kitupu.

Mstaafu_Khwisero

Wiki tatu zimepita, narudi na habari.

Kwanza chini ya mti niliokota ganda la yai, rangi ya kijani iliyofifia yenye madoa ya kahawia kama mtu amefutia kidole chenye matope. Nikajua tayari. Mtoto wa ndugu yangu alifunga simu kwenye ufito wa mwanzi akapiga picha: wawili, vipara, midomo mifupi iliyonyooka bado. Kiota chenyewe ni aibu. Vijiti vimerundikwa tu, ukisimama chini unaona mwanga unapita katikati. Mimi fundi akinijengea hivyo simlipi.

Na kwa sababu hiyo, juzi usiku upepo ulipokuja na mvua, mmoja akaanguka. Asubuhi tukamkuta kwenye nyasi, mbwa amesimama juu yake hajui afanye nini. Wazazi juu ya paa wanapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, hata Mama aliisikia. Alitoka na fimbo yake akasema, "Basi si umwinue?"

Njia_za_Msitu nilikupigia pale, asante kwa kupokea simu. Kwa wengine wanaosoma: alinieleza kwamba ni uongo ule wa kusema ukimgusa kinda mama yake anamtupa. Ndege hawa hawafuati harufu ya mkono wako. Tukachukua kikapu cha kubebea mboga, tukatoboa chini maji yasitulie, tukatia nyasi kavu, kijana akapanda akakifunga kwa waya kwenye tawi lile lile, chini kidogo ya kiota. Kumpandisha ilibidi nimshike mimi. Ni mzito kuliko anavyoonekana, tumbo lake moto, na moyo ulikuwa unapiga kwenye kidole gumba changu haraka haraka kama saa ya mkononi iliyoharibika. Nikamwonea huruma. Hapo hapo akanitapikia nyungunyungu wote wa asubuhi kwenye suruali.

Tukakaa ndani, mapazia yamefungwa, tunachungulia. Karibu saa nzima hakuna kitu. Halafu mama, ama baba, siwezi kuwatofautisha, akatua kwenye tawi, akachungulia kikapu, akachungulia kiota, akarudi kikapu. Akaingiza mdomo wote mpaka kooni kwa mtoto. Mama watoto akasema "Eeeh!" kama aliyeona bao.

NyarAhero

Sasa hapo umeshakuwa babu yao.

Omera_Dunga

Na mbao za mukumari fundi amepewa jibu gani?

Mstaafu_Khwisero

Fundi nimemwambia mti haukatwi. Lakini kelele bado sizipendi, msiniandikie maneno ambayo sijasema. Nataka njia ya kuwafanya mwaka ujao wachague mahali pengine.

Njia_za_Msitu

Hiyo inawezekana, na ni sasa ndipo upange. Kwarara hurudia kiota kile kile msimu baada ya msimu, anaongeza vijiti juu ya vya zamani. Wakishaondoka wote, na usiku hawarudi hapo kulala, ondoa kiota na ukate lile tawi lililolala peke yake. Mti unabaki. Punguza na matawi mengine ya namna hiyo yanayoelekea nyumbani. Usingoje mvua za Machi, fanya kiangazi kikiwa kimekolea. Sidii zinazoning'inia wanaziogopa kama wiki mbili, usipoteze pesa. Nyasi acha kumwagilia kiangazi, waende kutafuta bondeni kwenye mto. Na kwenye paa weka dari kabla ya kulaumu kiumbe. Chumba kisicho na dari hata embe likianguka ni bomu.

Mama_Shiru_Njoro

Dari kweli. Sisi tuliweka, na hadada wetu sasa nawasikia kama wako kwa jirani.

Mstaafu_Khwisero

Miezi mingi imepita, samahani kwa kimya. Mmoja aliulizia uzi huu uliishaje.

Makinda yote mawili waliruka. Wa kikapuni alichelewa siku nne kumfuata mwenzake, alikuwa anasimama ukingoni anapiga mabawa mpaka kikapu kinazunguka, anaogopa, anakaa. Siku aliyoruka alitua juu ya tangi la maji, akakaa pale mchana kutwa kama askari.

Januari kijana alipanda akakata tawi. Mama alisimama chini kuhakikisha ni tawi moja. Nilisimamisha mpira wa maji, nyasi zikawa rangi ya ugali wa mtama, dari nikaweka chumba cha kulala peke yake maana hizo mbao si bure. Mvua za Machi zikaja. Kwarara wakaja nazo, wakazunguka mukumari mara mbili, wakautazama vile mtu anavyotazama duka lililofungwa, wakaondoka. Jioni hiyo nikalala saa tatu.

Wamejenga kwenye mparachichi wa jirani yangu, mwalimu mstaafu, ng'ambo tu ya ua. Tawi linapita moja kwa moja juu ya choo chake. Kwa miezi yote aliyokuwa akiniona nahangaika alikuwa ananicheka, ananiita mkunga wa ndege. Leo asubuhi saa kumi na mbili kasorobo simu yangu imelia. Nimepokea, na kabla hajasema neno nimesikia nyuma yake: haaa, ha-ha-haaa.

Akaniuliza kwa heshima zote nitakwenda kuchukua ndege wangu lini.